Chungu Kilichooshwa

Kosa la Ndeshi ni kwamba alilelewa vizuri.

Mkamwana aliyelelewa ovyo angeamka jua limeshapanda, akanywa chai yake, akaviacha vyombo kama alivyovikuta, na sisi wengine tungeendelea na maisha yetu. Ndeshi ametoka Rombo, kwa watu wa bidii, na mama yake alimfunda kwamba ukweni mikono inakusemea kabla hujafungua mdomo. Basi asubuhi moja katika wiki yake ya kwanza, mama mkwe wake akiwa ametoka, alivikusanya vyombo vyote vya jikoni, akavipeleka nyuma ya nyumba, akavisugua kwa majivu na mchanga mpaka vikang'aa. Kisha akavianika juani. Kati ya sufuria na masinia, kikiwa kimeinamishwa kama vingine, kilikuwepo chungu ambacho hakijapata kuoshwa tangu enzi za bibi wa mama mkwe wake.

Mama mkwe huyo ni wifi yangu Eliwaza, dada wa marehemu mume wangu. Alinipigia simu kazini. Hakusema hata habari za asubuhi.

"Wifi, shuka. Tumefiwa."

"Mungu wangu! Nani?"

"Chungu."

Niliteremka kutoka kituo cha utafiti ninakofanya kazi, kwa gari la waya, lile linaloning'inia juu ya bonde. Kwenye genge la stesheni mzee mmoja alikuwa ameweka ndizi mbivu juu ya mzani. Mzani ukasoma kipele kilichopandikizwa mkononi mwake, ukakuta kinawaka manjano, ukafunga droo na ndizi zikiwa ndani. "Ni za mjukuu," mzee akasema. Mzani hauna wajukuu. Nikanyoosha mkono wangu wenye kipele cha kijani, nikamnunulia, na sauti ya kike yenye adabu nyingi ikanionya kwamba kumnunulia mtu wa mlangoni ni kosa.

Watu wa mlangoni ndio hao wa manjano. Sukari haijawaingia, ila imeshashika kitasa. Hapa Shengena Juu ni kama nusu ya watu wazima.

Nilimkuta Eliwaza amekaa kwenye kigoda, chungu amekipakata. Ndeshi alikuwa amepiga magoti mbele yake, khanga imelowa machozi.

"Mama, nisamehe. Nilikiona cheusi, kina ukoko, nikasema watu watanicheka."

"Watakucheka kweli," Eliwaza akamjibu, naye machozi yanamtoka huku anacheka, maana wifi yangu hajui kulia bila kucheka. "Tazama wifi! Kimetakata kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Umeshaona uchapakazi wa namna hii? Ningempata wa hivi zamani, hata mume wangu angesuguliwa akatoka ukoko."

Kwa asiyetujua, mchunga ni mboga ya majani, kali kwa uchungu. Sisi hatuuli wa kuchemsha tu. Tunauchemsha kidogo, tunauchanganya na uji mwepesi wa mtama, tunaumimina juu ya mabaki ya juzi yaliyoachwa makusudi, tunafunika kwa jani la mgomba. Mabaki hayo ndiyo chachu. Chakula kinachotoka humo kinauma ulimi na kinanuka kidogo, na mgeni akionja hukunja uso mpaka masikio yanasogea.

Mwaka jana mashine za Shirika la Utulivu ziligundua jambo. Watu wa mtaa wetu wa Ndivani walikuwa wakigeuka kutoka manjano kuwa kijani, mmoja baada ya mwingine, na wengi wao walikuwa wameacha kununua kidonge cha Jumatatu. Mimi ndiye mtaalamu wa bakteria wa Shirika hapa mlimani. Nikatumwa kutafuta sababu, na waliniambia wazi kwamba wanashuku wizi wa vidonge. Nilikwenda kumsaka mwizi, nikamkuta wifi yangu ameshika mwiko.

Uchungu wa mchunga umo ndani ya kiini kilichofungwa. Tumbo la binadamu halina ufunguo wake, kwa hiyo kinapita kama kilivyoingia. Lakini katika chungu cha Eliwaza peke yake, na katika matumbo ya waliokulia chungu hicho, anaishi bakteria mwenye kimeng'enya cha kukifungua. Kikifunguliwa kinaingia kwenye damu na kufika kwenye ini. Na ini la mtu wa mlangoni, ambalo humwaga sukari alfajiri hata kama mwenyewe amelala na njaa, linatulia. Asiye na bakteria huyo anaweza kula mchunga mwaka mzima na asiambulie kitu zaidi ya kukunja uso.

Kidonge cha Jumatatu nacho kina bakteria wake. Mitaani tunawaita wapangaji. Wameundwa wafe wiki ikiisha, ili Jumatatu ununue wengine, na wanapoingia huwasukuma nje waliokuwemo. Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawa wakija, mwenyeji anahama.

Nilitoa kisomeo mfukoni, nikakipitisha ndani ya chungu, pembeni, chini, kwenye kila ufa. Kikaandika maneno mawili: hakuna uhai. Ningeweza kumtafuta bakteria yule katika choo changu mwenyewe, lakini mashine ya kumtenga iko kituoni tu, na kila kinachoingia mlango wa kituo ni mali ya Shirika. Imeandikwa juu ya mlango kwa herufi za shaba.

"Na Ijumaa wanakuja kukichukua, kwa sherehe na kamera," Eliwaza akasema.

"Ijumaa wanakuja," nikasema.

Tangu Shirika litangaze kukichukua, nilikuwa sijui kama nataka kuwapa. Sasa kimekufa, na bado nilikuwa sijui.

*

Bwana Tuvako, mkaguzi mkuu wa Shirika, si mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningelala vizuri.

Alasiri hiyo aliniita ofisini kwake, akanikaribisha chai isiyo na sukari, akawasha meza. Mkataba ukajitandaza kati yetu.

"Saini mbili tu, Daktari Nakiete. Yako wewe mgunduzi, na ya wifi yako mtoaji. Na Shirika limekuwa na heshima. Bakteria atapewa jina lake. Ataitwa Eliwaza."

"Nimeshamwambia. Amesema amezaa watoto watano na hakuna hata mmoja aliyerithi jina lake, leo arithi mdudu?"

Tuvako alicheka kwa dhati. Kisha akaacha kucheka, akasogeza kidole mpaka chini ya mkataba. Nilikuwa nimeshapasoma. Bakteria atakuwa wa Shirika. Atafundishwa kufa kila wiki kama wenzake. Na chungu chochote cha nyumbani chenye bakteria huyo kitahesabiwa uhai usiosajiliwa, chini ya Sheria ya Matumbo Safi.

"Kwa hiyo wifi yangu atanunua kila Jumatatu kitu alichokuwa akikikoroga bure."

"Atapewa bure maisha yake yote. Kipengele cha tisa."

"Na jirani yake?"

Alinyanyuka, akasimama dirishani, akawa anatazama magari ya waya yanavyopanda.

"Mwalimu Kanankira alianguka," akasema.

Nilijua angefika hapo. Kanankira ni mwalimu wa hesabu na ni rafiki yangu. Miezi miwili nyuma alimeza kidonge chake cha Jumatatu kama raia mwema, halafu jioni akala mchunga kwa Eliwaza kama jirani mwema, na akaendelea hivyo hivyo siku zilizofuata. Wapangaji wanaishusha sukari kwa njia yao, wenyeji kwa njia yao. Wakikutana, hakuna wa kuwaambia inatosha. Kanankira alidondoka ubaoni, mbele ya watoto, chaki ikiwa mkononi. Walimwahi.

"Alipona," nikasema.

"Safari hii. Wewe unataka chungu kiachiwe watu, nakuona usoni. Kila mama apike anavyojua, kila mtu ale anavyotaka, bila kipimo, bila mtu wa kuangalia. Nikuulize swali moja, unijibu kama mwanasayansi. Kitu hicho kikisambaa mlima mzima, ataanguka mtu mwingine?"

Nilitaka kusema hapana. Ulimi ulikataa.

"Anaweza."

"Mdogo wangu alikuwa wa mlangoni," Tuvako akasema, bado amenipa mgongo. "Ilikuwa ile miaka ya chupa, kabla ya Sheria. Kila kona mtu anauza bakteria kwenye chupa ya soda, anakuapia kwa watoto wake kwamba ni dawa. Alinunua, akanywa. Manjano ikaisha kabisa, tukamfanyia sherehe. Tulimzika kipele chake kikiwa bado kinawaka kijani." Akageuka. "Watu wanadhani tunailinda faida. Wapo wanaoilinda, sitakudanganya. Mimi nalinda nisizike tena."

Alipoinua kikombe, mkono wa shati ukapanda. Kipele chake kilikuwa manjano. Akaona kwamba nimeona, akaushusha mkono wa shati taratibu.

Sikutia saini. Sikumwambia pia kwamba chungu kimekufa. Nilitaka kwanza nijue ninalilia nini. Kama chungu kimekufa, Shirika limekosa, hakuna atakayeanguka, na mtaa wa Ndivani utarudi kidogo kidogo kwenye manjano na Jumatatu zake. Huo ni usalama. Nilishuka na gari la waya nikiwa nimeukasirikia usalama huo kuliko nilivyopata kukasirikia ugonjwa.

*

Nilipofika kwa Eliwaza nilimkuta Kanankira barazani, bakuli lililofunikwa kwa sahani likiwa mapajani.

"Nimesikia msiba," akasema. "Nikasema nirudishe bakuli la harusi. Limekaa sana."

Hapa nieleze harusi. Siku Ndeshi alipoletwa, Eliwaza alifanya kile ambacho kila mama wa kwetu hufanya akipata mkamwana: alipakua mchunga wa chungu chake kwenye mabakuli, akapeleka nyumba hadi nyumba, mtaa wa Ndivani wote na mitaa ya jirani, ili majirani waonje jiko ambalo binti ameingia. Na kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu. Unaweza kukikalisha wiki mbili mpaka upate cha kutia, lakini ukikirudisha kitupu ni bora ungekivunja, maana kuvunja ni bahati mbaya.

Ndeshi alipokea bakuli kwa mikono miwili, akafunua sahani. Harufu ikatupiga sote mara moja.

Eliwaza aliingiza kidole, akalamba, akafumba macho. "Huyu ni wangu," akasema. "Kanankira, umempata wapi?"

"Nimpate wapi? Kwako. Ulileta bakuli limejaa. Nani anamaliza mchunga wote bila kubakiza kijiko cha chachu? Nilibakiza, nikaongeza majani yangu. Wote tumefanya hivyo. Mama Sekiete anapikia kwenye ndoo, Mungu amsamehe."

Nilitoa kisomeo. Nilikichovya. Kilifikiri, kikaandika jina refu la bakteria ambaye asubuhi nilikuwa nimemzika. Kabla sijakifuta, bakuli la pili likaingia mlangoni, na mtoaji akipiga hodi nyuma yake. La tatu. Habari ya msiba ilikuwa imezunguka, na watu wa kwetu hawaendi msibani mikono mitupu. Mpaka jua linaanza kuzama baraza zima lilikuwa limejaa mabakuli, na kila moja lilikuwa hai.

Ndeshi alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Nikajua tayari ameshakuwa wa nyumba ile.

Mimi furaha yangu ilidumu kidogo. Nilikuwa natazama mikono iliyoshika yale mabakuli. Vipele vya kijani vilikuwepo, lakini vya manjano vilikuwepo pia, wengi wao watu wa mitaa ya jirani wanaomeza kidonge kila Jumatatu bila kukosa. Kitu ambacho Tuvako alikiogopa hakikuhitaji ruhusa yangu. Kilikuwa kimeshatembea kwa miguu ya adabu, nyumba hadi nyumba, siku ya harusi.

Nikamvuta Kanankira pembeni.

"Nisikilize. Ulipoanguka ni kwa sababu ya vile viwili pamoja. Kidonge na mchunga."

Alinitazama kama anavyomtazama mwanafunzi aliyeficha jibu.

"Umejua lini?"

"Wiki ile ile uliyoanguka. Mkataba wangu wa kazi unanikataza kusema neno la maabara nje ya kituo."

"Miezi miwili, Nakiete."

"Nilikuambia uache mchunga."

"Uliniambia nilipumzishe tumbo! Ningejua ni nini, ningewaambia hawa wote." Alionyesha baraza kwa kidevu. "Sikia, mimi ni mwalimu. Mtoto akikosea hesabu kwa sababu hakufundishwa, simchapi, na wala siichomi kalamu. Mchunga haukuniangusha. Niliangushwa na kutojua. Huyo mkaguzi wako anaogopa watu wataanguka? Ni kweli, wataanguka. Wataanguka kwa sababu ninyi wawili mnajua na mmefunga midomo."

Iliniuma, na ilinifungua. Siku nzima nilikuwa nimedhani swali ni nani awe na chungu, Shirika au sisi. Tuvako aliniuliza kama mtu ataanguka, nikamjibu kweli, na jibu lile likanifunga. Lakini kulikuwa na la pili ambalo hakuniuliza: je, mtu anayejua akifundisha, bado ataanguka? Pengine mmoja. Pengine hakuna. Hilo nilikuwa tayari kulibeba kwa jina langu. La kunyamaza sikuwa tayari tena.

Asubuhi nilikwenda gengeni stesheni, watu wakiwa wengi, nikapanda juu ya kreti ya soda karibu na ule mzani usio na wajukuu.

"Mnanijua," nikasema. "Mimi ni Nakiete, mke wa marehemu Mshana, nafanya kazi kwa Utulivu. Leo nasema ambayo nimekatazwa. Mkinishitaki, mashahidi ni ninyi."

Nikawaeleza yote. Kiini kilichofungwa na nani ana ufunguo. Kwamba kidonge na mchunga wa chachu havikai tumbo moja. Anayetaka mchunga aache kidonge, asubiri wapangaji wafe wote, wiki nzima na siku za akiba, halafu aanze na kijiko kimoja na si bakuli. Ambaye sukari imeshaingia ndani na anajichoma sindano, asiguse. Mjamzito asiguse. Akitetemeka, akitoka jasho baridi, ale kitu kitamu hapo hapo, hata mzani ukatae, jirani amnunulie. Na kuna watu ambao hautawasaidia kabisa, kwa sababu matumbo hayafanani, na hao wasione aibu kurudi kwenye kidonge.

"Akianguka mtu, njooni kwangu," nikasema. "Sijifichi. Ninakaa kwa wifi yangu."

Watu waliuliza maswali. Maswali mazuri, mengine sikuwa na jibu, nikasema sina. Nilikuwa bado juu ya kreti mkono wangu ulipopata baridi. Nikatazama. Kipele changu kilikuwa kimegeuka kijivu.

Kijivu ni rangi ya mtu aliyezimwa. Hapandi gari la waya. Hanunui hata chumvi. Mzani ulitoa ile sauti yake ya adabu ukaniomba nisogee.

Yule mzee wa ndizi alisogea mbele, akanipa ndizi mkononi.

"Ni za mjukuu," akasema, watu wakaangua kicheko.

*

Amri ilitoka Alhamisi. Hawakutaka tena chungu kimoja. Kila kaya ilete vyombo vyake vyote vya kuchachushia uwanjani Ijumaa saa nne, visomwe. Chombo kitakachokutwa na uhai usiosajiliwa, sampuli itachukuliwa kuwa mali ya Shirika na mwenye chombo atafunguliwa kesi. Niliielewa haraka. Sampuli moja tu ingewatosha. Wangemsajili bakteria kwa jina lao, na tangu hapo kila kijiko cha mchunga mlimani kingekuwa wizi.

"Tuvifukie," akasema mtu.

"Wana mbwa wa chuma," akasema mwingine. "Wananusa mpaka chini ya ardhi."

Tulikuwa tumejaa barazani, kila mtu ana lake. Ndeshi alikuwa anapitisha maji ya kunywa, kimya kama bibi harusi anavyotakiwa. Kisha akaitua trei.

"Mama," akamwambia Eliwaza, macho chini, "si tuvioshe?"

Eliwaza akamtazama. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika nguzo.

"Wifi!" akaniita. "Umesikia? Huyu mtoto ana ugonjwa wa kuosha, na ugonjwa wake ndiyo dawa yetu!"

Chachu tuliianika kwanza, jua lilikuwa kali. Kila nyumba ilipaka yake kwenye majani ya mchunga, ikayakausha, ikayaning'iniza juu ya jiko pamoja na mboga kavu nyingine. Sheria inataja vyombo. Mboga kavu haikutajwa, na mimi si mwanasheria. Kilichobaki vyunguni tulikila, wale wa kijani tu, mimi nikiwa nimesimama hapo nasoma mikono. Halafu tukashuka na vyungu, ndoo na mitungi mpaka kwenye ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba ambalo mababu zetu walilichimba.

Ndeshi alikuwa amiri jeshi. Alikunja khanga, akaonyesha watu wazima namna ya kushika mchanga, namna ya kufikia ukoko wa chini, na kikongwe mmoja aliyesugua juu juu alirudishiwa chungu chake. "Bado, bibi. Rudia." Bibi akarudia. Wengine walilia wakisugua, kwa kuwa ukoko ule ulikuwa wa mama zao. Mimi pia nililia. Nilisugua mpaka vidole vikachubuka, na kila nilichokikwangua kilinizidishia hasira.

Ijumaa saa nne uwanja ulijaa. Shirika lilileta kamera kama lilivyopanga, ila si kwa sherehe tena. Tuvako alisimama mbele, wasomaji wake wamevaa glavu. Vyungu vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, vinang'aa juani mpaka mpiga picha akajikinga macho.

Wakaanza kusoma. Cha kwanza: hakuna uhai. Cha pili: hakuna uhai. Ndoo ya Mama Sekiete: hakuna uhai. Safu ya kwanza ikaisha, na watu wakaanza kuitikia pamoja na mashine, kwa sauti ndogo, kisha kubwa. Hakuna uhai! Watoto wakapokea. Mpaka safu ya mwisho uwanja mzima ulikuwa unaimba, na wasomaji wenye glavu wanatazamana.

Tuvako alinijia. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa umechoka.

"Mmemficha wapi?"

Nikagonga tumbo langu.

"Humu. Na humu, na humu," nikawaonyesha watu. "Sheria yenu inasema tumbo ni la mwenye tumbo mpaka atie saini. Mliandika wenyewe, ili tutie saini kila tununuapo kidonge. Haya, waulize. Nani anatia saini?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Mikono yote iliyokuwa juu ilishuka, hata ya waliokuwa wanajikinga jua.

"Umewaingiza hatarini," akasema, kwa sauti ya kunifikia mimi tu. "Wewe unajua. Mtu ataanguka, Nakiete."

"Akianguka ataangukia mikononi mwa watu wanaojua wafanye nini. Mdogo wako aliangukia mikononi mwa nani?"

Niliona nimemuumiza, na sikulifuta neno hilo.

"Nitakushitaki," akasema mwishowe. "Sina namna."

"Shitaki. Nitasema mahakamani yale yale niliyosema gengeni, na huko kuna watu wengi zaidi wa kusikia."

Eliwaza alikuja akipasua watu, chungu chake kichwani, hatua za madaha kama anakwenda kutunza harusi. Alikitua mbele ya Tuvako.

"Baba, ulikuja kuchukua chungu. Tusionekane wanyimi. Chukua."

Kamera zilikuwa zinamulika. Tuvako hakuwa na namna, alikichukua. Alipokikumbatia, mkono wa shati ukapanda, na kipele cha manjano kikawaka mbele ya kila mtu. Hakuna aliyecheka. Nusu ya waliokuwepo walikuwa nacho.

Tuvako alikuwa ameshageuka kuondoka, Ndeshi aliposogea. Alipiga goti kidogo, kama anavyofanya kwa wakwe zake wote, na alizungumza kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, baba. Hicho chungu nimekiosha mwenyewe, ni safi. Ukishakaa nacho, utaturudishia. Ila huku ukweni wamenifundisha, chombo cha watu hakirudi kitupu. Kama huna cha kutia, acha kidonge chako wiki nzima na siku za akiba, halafu uje na chungu. Sisi tutatia."